Ukimya wa Kanisa Lisilo na Watu

Karibu na mji mdogo wa Lechlade, mahali mto Thames unapoanza kuwa na kina cha kubeba mashua, lipo kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji la Inglesham. Sehemu kubwa ya jengo ni ya mwanzo wa karne ya 13, na ukutani mna mchongo wa Bikira Maria na Mtoto ulio wa zamani kuliko jengo lenyewe. Kijiji kimebaki nyumba chache tu. Ibada za kila Jumapili zilikwisha, na kanisa sasa liko mikononi mwa shirika linalotunza makanisa yaliyofungwa, zaidi ya 350 kwa jumla. Anayelizuru hukuta malisho, miti na mto, na akitoka, awe muumini au asiwe, aghalabu husema jambo lile lile: mle ndani pana amani. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakasema kuta zimelowa sala za karne nane na ukimya wenyewe ni namna ya kusali. Swali langu ni kama ukimya huo ni ushahidi wa kitu chochote. Naona kwamba si dalili ya utakatifu, wala si urithi tulioachiwa na watu wa Zama za Kati. Ni alama ya kuondolewa kwao, na mgeni anayeufanya kuwa ndio ujumbe wa mahali pale amesoma kinyume. Kama kanisa la namna hiyo lina dai lolote la kidini juu ya anayeliingia, dai hilo litafutwe katika mambo ambayo utulivu umeyafunika.

Tuanze na yanayothibitika. Kanisa la parokia la Zama za Kati lilikuwa na kelele. Hadi karne ya 15 mengi hayakuwa na mabenchi. Watu walisimama, walipiga magoti sakafuni, walizunguka, na wazee waliegemea kuta. Padri alisoma misa kwa Kilatini upande wa mashariki, nyuma ya kizuizi cha mbao kilichobeba msalaba mkubwa, huku waumini wakiendelea na sala zao, maongezi yao na ugomvi wao wa nani asimame wapi, mpaka kengele ilipogongwa kuwaita watazame Ekaristi ikiinuliwa. Nicholas Orme, mwanahistoria aliyechapisha mwaka 2021 kitabu kizima juu ya jinsi watu wa enzi hizo walivyokwenda kanisani, ameyaeleza hayo kwa kirefu. Kuta zilijaa rangi: Hukumu ya Mwisho juu ya upinde, mashetani wakiburuta wadhambi, Mtakatifu Kristofa mkubwa mkabala na mlango ili msafiri amwone akipita. Nje, uani penye makaburi, watu walicheza, walipigana mieleka na kufanya biashara. Mwaka 1285 sheria ya mfalme iliyotolewa Winchester ilipiga marufuku magulio na masoko katika viwanja vya makanisa, na hakuna mfalme anayehangaika kukataza jambo lisilofanyika. Fedha za kutengeneza paa zilipatikana kwa karamu za kuuza bia, zilizoandaliwa na parokia yenyewe. Mkristo wa Afrika Mashariki anayekaa baada ya ibada kushiriki mnada wa kuku, mayai na mikungu ya ndizi iliyotolewa sadaka, huku kwaya tatu zikingoja zamu, angeshangazwa na Kilatini tu. Mengine yote angeyatambua.

Ushahidi mzuri kuliko wote unatoka Morebath, kijiji cha wafugaji huko Devon pembezoni mwa nyika ya Exmoor, kilichokuwa na familia 33 hivi. Padri wake, Christopher Trychay, alifika mwaka 1520 na akakaa hapo hadi alipofariki mwaka 1574, na kwa sehemu kubwa ya muda huo aliandika hesabu za parokia kwa mkono wake, kwa maneno ya kusomwa kwa sauti mbele ya watu wote. Eamon Duffy alizifanya zijulikane duniani kwa kitabu chake cha 2001. Humo tunaona kwamba watakatifu wa Morebath walikuwa na kondoo. Kila mfuko wa mtakatifu ulikuwa na wanyama wake, waliogawiwa nyumba kwa nyumba wachungwe. Sufu ikiuzwa, fedha ziliingia kwenye mishumaa ya mtakatifu huyo, na kondoo akifa ngozi yake iliandikwa kwenye hesabu. Vijana wa kiume walikuwa na mfuko wao, na wasichana wao. Mwaka 1534 mwizi aliingia kanisani kwa ngazi akaiba kikombe cha misa pamoja na kiatu cha fedha cha sanamu ya Mtakatifu Sidwell, na vijana hao ndio waliochanga kununua kikombe kingine. Trychay mwenyewe alikusanya fedha kwa takriban miaka 20 ili parokia iwe na mavazi meusi ya kuadhimishia misa za wafu. Yalipatikana mwaka 1547, mwaka ule ule serikali ya mfalme mtoto, Edward wa Sita, ilipoanza kuyafuta yote ambayo mavazi hayo yalitengenezwa kwa ajili yake. Miaka miwili baadaye Morebath iliwagharimia vijana watano wakajiunge na waasi waliopiga kambi nje ya Exeter kuitetea dini ya zamani. Uasi ulizimwa kwa damu. Hesabu zinazofuata ni kavu: kondoo hawapo, mifuko ya vijana haipo, na karamu za bia zimekoma. Anayeingia leo katika kanisa la kijiji hicho atakuta utulivu, na kwa kiasi kikubwa utulivu huo ulianza hapo.

Ninasema kwa kiasi kikubwa kwa sababu mikono iliyoutengeneza ukimya wa mashambani ilikuwa mingi. Tauni ilifika Uingereza mwaka 1348 na kuua kati ya theluthi na nusu ya watu. Katika kanisa la Ashwell, Hertfordshire, mtu alikwaruza ukuta wa mnara kwa Kilatini kuandika kwamba waliobaki kushuhudia ni masalia tu ya watu, na kwamba mwaka 1361 upepo mkali ukavuma juu ya misiba hiyo. Baada ya tauni wakaja kondoo, na hawa hawakuwa wa watakatifu. Huko Wharram Percy, katika vilima vya Yorkshire, wanaakiolojia wakiongozwa na Maurice Beresford na John Hurst walichimba kila kiangazi kuanzia 1950 hadi 1990, na walichokionyesha ni kijiji kilichodhoofika taratibu na kisha, karibu mwaka 1500, familia za mwisho zikaondolewa ili ardhi iwe malisho. Karibu mifupa ya watu 700 ilifukuliwa uani mwa kanisa. Kanisa lenyewe lilipanuliwa kijiji kilipokua na likapunguzwa kilipopungua. Leo ni gofu zuri mno bondeni. Mgeni anayesimama hapo na kuvuta pumzi ya amani anavuta hewa ya mahali ambapo wenye nyumba waliambiwa waondoke. Sisemi asiivute. Nasema ajue ilikotoka.

Hapa linakuja pingamizi ambalo halipaswi kuchukuliwa juujuu. Ukimya, mtu atasema, si uvumbuzi wa watalii. Eliya alipokuwa Horebu hakumkuta Mungu katika upepo, wala katika tetemeko, wala katika moto. Wazee wa jangwa la Misri waliikimbia miji wakatafute kimya. Uingereza yenyewe, watawa wa shirika la Citeaux walijenga Rievaulx na Fountains mwaka 1132 mabondeni, mbali na watu kwa makusudi. Kwa nini basi tumnyime mgeni wa Inglesham kile ambacho mapokeo yenyewe yalikisifu? Jibu langu lina sehemu mbili, na ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Kwanza, kimya cha mtawa kilikuwa kazi. Kilikatwa mchana na usiku kwa zaburi za pamoja, kilisimamiwa na abati, na kiliwekwa na watu walioishi bega kwa bega wakivumiliana kikohozi na koromo. Hakuna kinachofanana na hicho katika dakika 20 za mtu aliyeegesha gari nje. Pili, hata kimya kile mara nyingine kilinunuliwa kwa gharama ya wengine. Abasia ya Rufford, Nottinghamshire, ilipoanzishwa mwaka 1146, wakazi wa vijiji vilivyoizunguka waliondolewa ili watawa wapate upweke waliouhitaji, na mwandishi Walter Map, aliyeishi karne ile ile, aliwashambulia watawa hao waziwazi kwa kuvunja vijiji wapate kuwa peke yao. Sisi tulioona Wamasai wakihamishwa kutoka Serengeti mwaka 1959, na baadaye tukaonyeshwa picha za nyika isiyoguswa na binadamu, hatuhitaji kuelezwa kwa urefu jinsi upweke unavyoweza kutengenezwa na kisha kusifiwa kama kazi ya Muumba.

Atabaki mtu wa kuniuliza: lakini je, amani anayoisikia mgeni si ya kweli? Ni ya kweli. Mtu akisema ametulia, ametulia, na mwandishi hana mamlaka ya kumkatalia. Ninachokipinga ni maelezo yake ya sababu. Mawe mazito hupooza joto, madirisha madogo hupunguza mwanga, simu haipigi, na juu ya yote hakuna anayemtaka kitu. Hili la mwisho ndilo kiini cha jambo. Kanisa lile lilipokuwa hai lilikuwa na madai mengi. Lilitaka zaka ya nafaka na ya wana-kondoo. Tangu Mtaguso wa Laterano wa 1215 lilimtaka kila mtu mzima aungame angalau mara moja kwa mwaka. Lilitaka mfungo, mchango wa mishumaa, zamu ya kuchunga kondoo wa Mtakatifu Sidwell, na sala kwa ajili ya jirani aliyekufa hata kama uligombana naye. Sitaki kuyapamba hayo. Zaka ilidaiwa hata mahakamani, na wapo waliofurahi kwa haki mzigo ule ulipopungua. Hata hivyo dini iliyowajenga mafundi wa Inglesham ilikuwa mtandao wa madeni kati ya watu na watu, na kati ya watu na Mungu. Mgeni wa leo anapumzika humo kwa sababu wadai wote wamekufa. Kuuita utulivu wa namna hiyo urithi wa imani yao ni kukosea, kwa sababu wao hawakuwahi kuujua.

Kutoka upande wa pili kabisa atasimama Mprotestanti makini, na nyuma yake mtu wa hesabu. Wa kwanza atasema kwamba Paulo aliwaeleza Waathene wazi kuwa Mungu hakai katika nyumba zilizojengwa kwa mikono. Kusanyiko likiondoka, kilichobaki ni mawe. Wa pili ataongeza kwamba Kanisa la Uingereza lina majengo kama 16,000, mengi ya kale, na kwamba ni ajabu kutafuta fedha za kurekebisha vigae juu ya sakafu isiyokanyagwa wakati makusanyiko makubwa ya Waanglikana wenzao, Uganda au Tanzania, yanasali chini ya mabati yanayovuja. Pingamizi hili lina nguvu, na mtu anayetetea makanisa haya kwa sababu ya amani yake hana la kulijibu. Amani inapatikana kwa bei nafuu zaidi kando ya mto. Mimi nakubaliana na Mprotestanti kwamba mawe hayana utakatifu wa kujitegemea. Nisichokubaliana naye ni kwamba baada ya watu kuondoka hakuna kitu kilichobaki isipokuwa mawe. Zimebaki ahadi.

Fikiria jinsi majengo haya yalivyolipiwa. Mtu wa karne ya 15 aliyetoa shamba, ng'ombe au shilingi chache kwa kanisa lake hakutoa zawadi tupu, alifanya mapatano. Jina lake liingizwe katika orodha ya marehemu wa parokia, lisomwe mimbarini, na walio hai wamwombee katika safari ya toharani. Trychay alikuwa na orodha kama hiyo. Matajiri waliacha mashamba ya kumlipa padri wa kuwasomea misa daima. Mwaka 1547 sheria ilifuta taasisi hizo, mali zikachukuliwa na serikali ya mfalme, na majina yakaacha kusomwa. Kuta zilipakwa chokaa. Unaweza kuamini, kama Waprotestanti walivyoamini, kwamba toharani haipo na kwamba sala zile hazikumfaa yeyote. Bado ukweli unabaki kwamba watu walipewa neno, walilipa kwa neno hilo, majengo yakajengwa kwa malipo yao, na neno halikutimizwa. Mfuasi wa Epikuro atacheka hapa: aliyekufa hayupo, na asiyekuwepo hadai. Lakini ahadi haikutolewa kwa maiti. Ilitolewa kwa mtu aliye hai, aliyepanga maisha yake na kuwapunguzia watoto wake urithi kwa kuitegemea, na sioni jinsi kifo chake kinavyoifuta, isipokuwa tukubali pia kwamba wosia wowote ni karatasi tu baada ya mazishi.

John Mbiti, Mkenya aliyekuwa padri wa Kianglikana na aliyepata shahada ya uzamivu Cambridge mwaka 1963, alieleza katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba marehemu ambaye bado anakumbukwa kwa jina na waliomjua hajaondoka kabisa katika wakati wa sasa. Anaendelea kuwa mmoja wa familia, na hutoweka katika zamani ya mbali pale wa mwisho aliyemjua anapokufa. Mbiti hakuwa akizungumzia Devon. Lakini sijui maelezo mengine yanayoifafanua vizuri hivyo orodha ya Trychay na namna ilivyofanya kazi, pamoja na tofauti moja ya kuvutia: Waingereza wale walijaribu kuvuka mpaka ambao Mbiti aliuona, wakalipa ili majina yao yatamkwe hata na watu ambao wasingewajua kamwe. Kanisa la mashambani lilikuwa chombo cha kurefusha kumbukumbu kupita uhai wa wajukuu. Chombo hicho kilivunjwa, na kilichobaki ni ganda lake. Ndiyo maana nasema ukimya wa Inglesham au wa Wharram Percy unapaswa kumsumbua mgeni kabla ya kumtuliza, kama unavyosumbua ukimya wa mtu aliyeulizwa deni.

Kutoka hapa unafuata msimamo fulani juu ya utunzaji, na kwa bahati Inglesham yenyewe inatupa mfano. William Morris, aliyeishi Kelmscott jirani na hapo, alikuwa mjamaa asiyeshika imani ya Kikristo, na mwaka 1877 alianzisha chama cha kulinda majengo ya kale dhidi ya wasanifu wa zama zake waliokwangua kuta ili kuyarudisha makanisa katika umbo walilodhani ni la asili. Kanisa la Inglesham lilipotengenezwa mwaka 1888 na 1889, kwa juhudi zake, hakuna tabaka lililofutwa kwa manufaa ya jingine. Ndiyo maana leo ukutani unaona michoro juu ya michoro, hadi tabaka saba mahali pengine: rangi za Zama za Kati, kisha chokaa, kisha maandiko ya Kiingereza ya dini mpya yakiwa yamepakwa juu ya yale ya zamani, kila moja likichungulia kupitia kwenye nyufa za lililo juu yake. Kwa macho ya mtu anayetafuta utulivu ni vurugu. Kwa hoja yangu ndiyo sehemu ya kanisa iliyo ya kweli kuliko zote, maana ugomvi umeachwa uonekane na walioshindwa hawakuondolewa.

Tangu katikati ya miaka ya 2010 shirika linalolitunza kanisa hilo limekuwa likiruhusu watu kulala usiku mmoja katika baadhi ya makanisa yake kwa malipo, fedha zikienda kwenye matengenezo. Wapenzi wa utulivu wamelinung'unikia jambo hilo: magodoro mbele ya altare, chai, watoto wakikimbizana kati ya nguzo. Mimi sioni kosa, mradi majina ya marehemu yaliyochongwa sakafuni yasomwe na mtu kabla taa hazijazimwa. Parokia iliyolipia paa lake kwa kuuza bia ingeuliza tu kama hesabu zimeandikwa, na nani kazikagua.